Nani alichora picha dhahania ya kwanza, na alifikaje huko?

Swali la msomaji: "Nafundisha sanaa kidato cha kwanza na cha pili. Kitabu nilicho nacho kinasema picha dhahania ya kwanza duniani ni ya Kandinsky, mwaka 1910. Mahali pengine nimesoma kwamba ni ya mwanamke wa Sweden, mwaka 1906. Na wanafunzi wenyewe wananiuliza: hawa watu walishindwa kuchora mti wa kawaida? Naomba kujua nani alitangulia, walifikaje huko, na nitawaonyeshaje darasani wakati sina turubai wala rangi za bei kubwa."

Mwalimu, nianze na hao wanafunzi, maana swali lao ni zito kuliko la tarehe.

Hawakushindwa kuchora mti. Piet Mondrian wa Uholanzi alikuwa na vyeti viwili vya kufundisha uchoraji shuleni, na kwa miaka mingi alichora vinu vya upepo, mito na mashamba ambayo mtu yeyote angeyatambua. Hilma af Klint alihitimu Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Stockholm mwaka 1887, akawa anaishi kwa kuchora mandhari na sura za watu. Wassily Kandinsky aliacha taaluma ya sheria Moscow mwaka 1896, akiwa na miaka 30, akahamia Munich kujifunza uchoraji tangu mwanzo. Tazama pia umri wao walipovuka kuingia kwenye picha dhahania, yaani picha isiyo na kitu cha kutambulika: af Klint alikuwa na miaka 44, František Kupka, Mcheki aliyeishi Paris, 41, Kandinsky na Mondrian walikuwa wameshaingia arobaini. Kazimir Malevich wa Urusi ndiye aliyekuwa mdogo kidogo, 36. Waliacha kazi waliyoiweza, na ambayo ilikuwa inawapa riziki.

Neno letu lenyewe linatusaidia hapa. Dhahania ina asili moja na dhihni, yaani akili: ni kitu kilichomo kichwani, hakishikiki kwa mkono. Lugha za Ulaya zinatumia neno la Kilatini lenye maana ya kukivuta kitu na kukitoa mahali kilipokuwa. Maana hizo ni mbili tofauti na zote zina ukweli, kwa sababu wachoraji walifika kwa njia mbili. Wako waliochukua kitu kinachoonekana wakakipunguza hatua kwa hatua. Na wako walioanzia kwenye jambo la akilini wakalitafutia umbo. Ukizichanganya njia hizo, ubishi wa nani alitangulia hautakwisha.

Njia ya kupunguza inaonekana wazi kuliko kokote katika miti ya Mondrian, na mitatu kati yake iko kwenye jumba moja la makumbusho huko Den Haag, Uholanzi. Tafuta picha za miti hiyo uziweke mezani kwa mpangilio. Wa kwanza, aliouchora kati ya 1908 na 1910, ni mti mwekundu kwenye anga la buluu. Ni mti kamili, una shina na matawi, ila rangi si ya mti tena. Wa pili ni wa 1911, mti wa kijivu. Hapo rangi zimeondoka, zimebaki kijivu na nyeusi, na kuna jambo kubwa ambalo mtu akipita haraka halioni: nafasi zilizo kati ya matawi zimepakwa rangi nzito sawasawa na matawi yenyewe. Anga si kitu kilicho nyuma ya mti tena. Tawi na pengo vimepewa uzito mmoja. Wa tatu, mtofaa uliochanua wa 1912, shina lake karibu limetoweka. Imebaki mikunjo kama maganda ya maharage, imesongamana katikati na kufifia kuelekea pembeni.

Kati ya mti wa pili na wa tatu Mondrian alikuwa amehamia Paris, na kilichompeleka ni kazi za Picasso na Braque, wachoraji wa Paris, alizokuwa ameziona Amsterdam. Hao wawili, tangu 1908, walikuwa wanaichambua chupa, gitaa au uso wa mtu kuwa vipande, kila kipande kimetazamwa kutoka upande wake, kisha vyote vinapangwa kwenye picha moja. Huo ndio mtindo wa kyubizimu. Walifika ukingoni kabisa mwa picha dhahania, lakini hawakuvuka. Kila mara waliacha kitu cha jicho kushikia: nyuzi za gitaa, herufi za gazeti, masharubu. Mondrian aliona kwamba wamesimama njiani, akaendelea.

Kufikia 1914 na 1915 alikuwa anachora bahari na gati la Domburg, pwani ya Uholanzi, kwa mistari mifupi tu, iliyosimama na iliyolala. Mwaka 1917 ni vijiti vyeusi kwenye weupe. Mwaka 1920 na 1921 ndipo ilipokuja ile picha ambayo dunia nzima inaijua, ya mistari mirefu myeusi, nyekundu, buluu, manjano na nyeupe nyingi. Hesabu miaka: ni zaidi ya kumi tangu ule mti mwekundu. Aliondoa kwanza rangi ya asili, kisha rangi zote, kisha tofauti ya kitu na usuli wake, kisha mkunjo, na mwisho kitu chenyewe. Kila picha iliondoa kidogo na kuangalia kama kilichobaki kinasimama.

Hapa pana mkono wa Afrika, na ni haki wanafunzi waujue kwa kipimo chake. Mwaka 1906 mchoraji Henri Matisse alinunua Paris sanamu ndogo ya Wavili, watu wa pwani ya Kongo, akamwonyesha Picasso. Mwaka uliofuata Picasso akaenda kwenye makumbusho ya Trocadéro yaliyokuwa na vinyago vingi vya Afrika. Walichojifunza ni kwamba jicho kwenye uso si lazima lifanane na jicho: laweza kuwa tundu, au mche uliojitokeza, na uso ukabaki uso wenye nguvu. Lakini usiwaambie wanafunzi kwamba wachongaji wale walikuwa wakitengeneza sanaa dhahania. Kinyago kilikuwa na kazi, kilikuwa na siku yake ya kuvaliwa na watu wake. Waliokigeuza kuwa somo la maumbo ni Wazungu waliokiona ndani ya kabati la kioo.

Sasa njia ya pili, ya kuanzia akilini. Hilma af Klint alikuwa na kikundi cha wanawake watano waliokutana kila wiki kwa sala na kuwasiliana na roho. Novemba 1906 alianza mfululizo wa picha alioamini kwamba ameagizwa kuutengeneza kwa ajili ya hekalu. Aliumaliza mwaka 1915, ukiwa na picha 193. Kumi kubwa kuliko zote alizifanya mwaka 1907 kwa miezi kama miwili tu. Kila moja ina urefu wa zaidi ya mita 3 na upana wa karibu mita mbili na nusu. Hizo ni kazi za kutambaa sakafuni, maana karatasi ya ukubwa huo haikai kwenye kiegemeo. Rangi yake ilikuwa tempera, yaani unga wa rangi uliochanganywa na yai. Tempera hukauka kwa dakika chache, na ndiyo sababu aliweza kwenda kasi hivyo. Kwa rangi ya mafuta angesubiri siku nyingi kila tabaka likauke, au angechafua kila kitu kwa magoti.

Ukizitazama utaona duara zinazozunguka kama gamba la konokono, petali kubwa, herufi, manjano na buluu zinazokutana. Kwake manjano ni uanaume na buluu ni uanamke. Aliandika maana hizo kwenye madaftari yake. Alifariki mwaka 1944, baada ya kuagiza kazi hizo zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20. Kwa kweli zilichelewa zaidi: watu wa nje walianza kuziona mwaka 1986, katika maonyesho ya Los Angeles, na umaarufu mkubwa ukaja na maonyesho ya makumbusho ya Guggenheim, New York, ya 2018 na 2019.

Kitabu chako kinasema 1910 kwa sababu ipo picha ya rangi ya maji ya Kandinsky, sasa iko Paris, ambayo ameiandika mwaka huo kwa mkono wake. Tatizo ni kwamba haifanani na kitu kingine chochote alichofanya mwaka 1910, wakati ambapo bado alikuwa anachora milima, farasi na minara ya makanisa. Inafanana sana na michoro yake ya matayarisho ya 1913. Wataalamu wengi wanaamini aliiandika tarehe hiyo baadaye. Sina sababu ya kumwita mwongo. Msanii anayepanga kazi zake za zamani hukosea, na kila mmoja kati ya hawa alikuwa na hamu ya kuonekana ametangulia. Malevich naye alisisitiza kwamba wazo lake lilikuwa la 1913, alipobuni mapazia ya opera moja ya Petersburg, ingawa picha yenyewe ni ya 1915. Kwenye nakala yako ya kitabu weka alama ya kuuliza kando ya hiyo 1910.

Kwa hiyo nani? Inategemea unahesabu nini, na hili si jibu la kukwepa. Ukihesabu tarehe tupu, hata af Klint ametanguliwa: Georgiana Houghton wa London alikuwa anatengeneza picha za mistari iliyosokotana, zisizo na kitu cha kutambulika, katika miaka ya 1860, na mwaka 1871 alikodi ukumbi akaonyesha 155. Karibu zimfilisi. Ukihesabu picha kubwa iliyowekwa mbele ya umma kama picha kamili isiyo ya kitu, tafuta Paris, vuli ya 1912, ambako Kupka alionyesha turubai ya zaidi ya mita mbili kila upande: duara na tao za nyekundu na buluu juu ya nyeusi na nyeupe. Ilianzia kwenye michoro ya binti yake wa kambo akicheza na mpira. Kupka aliufuata mwendo wa mpira kwa mchoro mmoja baada ya mwingine mpaka mtoto akatoweka, ukabaki mzunguko. Ukihesabu aliyeeleza kwa maandishi kwa nini jambo hili lifanyike, ni Kandinsky, ambaye kitabu chake kuhusu roho katika sanaa kilitoka mwishoni mwa 1911 na kusomwa mbali.

Mimi ningewaambia wanafunzi hivi: af Klint alitangulia kuchora, na asinyimwe hilo. Lakini kazi iliyofichwa haiwezi kumfundisha mwingine, na mto uliotuletea uchoraji dhahania wa karne ya 20 ulitiririka kutoka kwa wale walioonyesha na kuandika. Isitoshe, yeye mwenyewe aliamini kwamba anachora kitu, ulimwengu usioonekana kwa macho. Wako wanaosema kwa sababu hiyo kazi yake si dhahania hasa. Sikubaliani nao, kwa kuwa Kandinsky na Mondrian nao walisoma mafundisho yaleyale ya kiroho ya teosofia, na Mondrian alijiunga rasmi na chama chake mwaka 1909. Kigezo hicho kikimtoa af Klint kitawatoa na hao.

Kandinsky anastahili kutazamwa kwa karibu katika jambo moja. Tarehe 2 Januari 1911 alikwenda Munich kusikiliza muziki wa Arnold Schoenberg, na mara baada ya hapo akachora tamasha lile. Itazame picha hiyo pamoja na darasa bila kuwaambia ni nini. Wataona doa kubwa jeusi juu, manjano mengi yanayomwagika kutoka kulia, na mikunjo midogo chini kushoto. Kisha waambie: jeusi ni kifuniko cha piano, mikunjo ni migongo ya watu waliokaa. Manjano ni sauti. Piano bado ipo, watu bado wapo, lakini kilichochukua nafasi kubwa ni kitu kisichokuwa na umbo. Hapo utaona njia zote mbili zimekutana kwenye turubai moja. Miaka miwili baadaye alitengeneza picha ya mita 2 kwa 3 ambayo aliimaliza kwa siku nne za Novemba 1913, na watu hupenda kutaja hizo siku nne. Wataje pia kwamba kabla ya hapo alifanya michoro ya matayarisho zaidi ya 30.

Kandinsky alikuwa na hofu moja aliyoiandika waziwazi: kwamba ukiondoa kitu kabla hujajua unachotaka kusema, utapata pambo tu, kama la tai au zulia. Ndiyo hofu ya kuipeleka darasani, hasa kwetu. Mwanafunzi wa Mombasa au Unguja atakuuliza: mbona milango yetu ina nakshi za karne nyingi zisizo za mtu wala mnyama? Mbona mkeka una ukili wa pembe na mistari? Hiyo si sanaa dhahania? Ni swali zuri na lisipuuzwe. Nakshi ni ufundi mkubwa wa maumbo, na una kanuni zake kali kuliko za Mondrian. Tofauti iko kwenye kazi yake. Nakshi inakaa kwenye kitu: mlango, kitambaa, jamvi. Inafuata ukingo wa kile kitu na inaweza kurudiwa mpaka nafasi ijae. Picha dhahania haina mlango wa kuutumikia, na haiwezi kuongezwa wala kukatwa bila kuvunjika. Kata kipande cha kanga, nakshi ya mji wake, yaani sehemu ya katikati, inaendelea. Kata sentimita kumi za Mondrian, picha imekufa.

Na kama unataka mfano wa nyumbani ulio sawa kabisa na njia ya kupunguza, uko mkononi. Wachongaji wa Kimakonde wa Dar es Salaam wana mtindo wanaouita mawingu. Uweke kando ya ujamaa, ule wa watu waliopandana, na shetani, ule wa viumbe wenye viungo visivyo mahali pake. Katika mawingu mwili umeyeyuka, imebaki mikunjo na matundu ya mpingo yanayozungukana, pengine na jicho au mkono uliosazwa. Ukivipanga vinyago vitatu vya mitindo hiyo, una somo zima bila kwenda Den Haag.

Malevich nitamtaja kwa sababu ya kosa lake la kiufundi, maana linafundisha. Desemba 1915, Petrograd, alitundika Mraba Mweusi juu kwenye kona ya chumba, mahali ambapo nyumba za Warusi huweka picha takatifu. Una sentimita 79.5 kila upande, na ukiupima hauna pembe mraba hata moja iliyonyooka sawasawa, kwa sababu aliupaka kwa mkono bila rula. Leo umejaa nyufa, na ndani ya nyufa unaona rangi nyingine. Eksirei za makumbusho ya Tretyakov, Moscow, zilionyesha mwaka 2015 kwamba chini yake kuna picha mbili. Sababu ya nyufa ni rahisi: rangi ya mafuta haikauki kwa maji kutoka, bali kwa mafuta kushikana na hewa polepole. Ukipaka tabaka la juu wakati la chini bado bichi, la juu linakauka na kuwa gumu, la chini linaendelea kusogea, na ngozi ya juu inapasuka. Kanuni ya mafundi ni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi, na la chini likauke kwanza.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Kandinsky alifundisha Bauhaus, Ujerumani, kuanzia 1922 mpaka Wanazi walipoifunga shule hiyo 1933. Mwaka 1937 wakazionyesha kazi za namna hii Munich kama uchafu. Urusi nayo ikabana, na Malevich akarudi kuchora watu kabla ya kufa 1935. Wengi walikimbilia Marekani, Mondrian akiwamo mwaka 1940, na ndiyo maana sura inayofuata ni ya New York.

Jackson Pollock ndiye anayeigwa sana na kwa ubaya. Tangu 1947 alitandaza sakafuni turubai ya pamba isiyopakwa kitu, akadondosha rangi kwa kijiti au brashi iliyokauka. Rangi yenyewe haikuwa ya wasanii bali ya kung'aa ya majumbani, ya jamii moja na ile ya baiskeli aliyoitumia Edward Tingatinga Dar es Salaam miaka ya 1960. Wote wawili waliitaka kwa sababu inatiririka na kuacha mstari usiokatika. Tingatinga aliuongoza mstari kwa ncha ya brashi, Pollock kwa mwendo wa mkono na mwili. Ukijaribu, shida ni uzito wa rangi. Ikiwa nzito mno inaanguka matone. Ikiwa nyepesi mno inazama kwenye kitambaa na kupoteza mng'ao. Na mkono ukienda polepole, uzi wa rangi unajikunjakunja kama asali inavyofanya juu ya mkate. Mistari ya Pollock ina mikunjo michache sana ya hivyo, ishara kwamba mkono ulikwenda kasi na haukuwa mbali na turubai.

Mwaka 1952 Helen Frankenthaler alipunguza rangi ya mafuta kwa tapentaini mpaka ikawa kama chai, akaimwaga kwenye turubai tupu ikanywewa kama doa kwenye shuka. Inapendeza sana, ila ina kasoro. Mafuta hutoka pembeni mwa doa na kuacha kivuli cha manjano, na yakikaa ndani ya nyuzi huifanya pamba kuwa kavu na kukatika. Kitambaa cha kuchorwa kwa mafuta lazima kipakwe gundi kwanza ili kikingwe. Rangi za akriliki za kuchanganywa na maji zilipoingia madukani katika miaka ya 1950, tatizo hilo likapata dawa.

Sasa darasani. Zoezi la kwanza ni mti kwa hatua tano, na kila mwanafunzi anahitaji karatasi tano za nusu ya A4, penseli, kipande cha mkaa, rula na rangi moja tu. Toka nao nje wachague mti wenye matawi ya wazi, mkorosho mkongwe au mbuyu wakati wa kiangazi. Karatasi ya kwanza, dakika 20: mti kama ulivyo. Ya pili ibandikwe juu ya ya kwanza kwenye kioo cha dirisha, wakopi mistari 12 tu, ile inayoubeba mti. Ya tatu, kwa mkaa, wapake mapengo kati ya matawi na kuyaacha matawi meupe. Hapa watalalamika, na hapa ndipo somo lilipo, maana jicho limezoea kutazama kitu na kusahau nafasi. Ya nne, kila mkunjo ugeuzwe mstari uliosimama au uliolala, lakini ubaki mahali pake na urefu wake. Ya tano, waondoe mpaka ibaki mistari saba, kisha rangi iwekwe sehemu moja. Waigeuze juu chini waone kama bado inasimama.

Kinachoharibika karibu kila mara ni kurukia karatasi ya tano. Mwanafunzi anachora vyumba kwa rula na kujaza kila chumba nyekundu, buluu, manjano, na anapata sakafu ya vigae. Mpime kwa swali moja: mstari huu ulikuwa tawi gani? Aliyepita hatua zote atakuonyesha. Kisha mwonyeshe kwamba Mondrian aliacha sehemu kubwa nyeupe, unene wa mistari yake unatofautiana, na mingine inakoma kabla ya kufika ukingoni.

Zoezi la pili ni la rangi, na linatoka kwa Michel Eugène Chevreul, mkemia wa kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba rangi yao nyeusi ni dhaifu. Alipoichunguza akakuta rangi haina kosa. Kosa lilikuwa rangi zilizokaa jirani nayo. Aliandika hayo mwaka 1839, na mwaka 1912 mchoraji Robert Delaunay akayatumia kutengeneza picha za madirisha ambamo rangi peke yake ndiyo inayosukuma na kuvuta. Kata vipande viwili vya kijivu kilekile, sentimita 3 kwa 3. Kimoja kiweke katikati ya karatasi nyekundu ya sentimita 15, kingine kwenye kijani ya kipimo hichohicho. Watazame kwa sekunde 30 kutoka mita moja. Kijivu cha kwenye nyekundu kitaelekea ukijani, cha kwenye kijani kitaelekea wekundu. Usipoona tofauti, kijivu chako ni cheusi mno au karatasi zinang'aa. Tumia kijivu cha kati na karatasi zisizo na mng'ao, karibu na dirisha lakini nje ya jua.

La tatu, kama una muda, ni la kumwaga rangi, nalo halihitaji turubai. Nunua amerikani, ile pamba isiyopaushwa, uifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni. Amerikani mpya ina wanga, na usipoutoa rangi itakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba. Ilaze juu ya plastiki ikiwa bado na unyevu. Changanya rangi ya ukutani ya maji, sehemu moja kwa maji sehemu tatu. Ukizidisha maji, gundi iliyomo inakuwa dhaifu, na rangi ikikauka itatoka kama vumbi ukiisugua. Waanze na rangi mbili tu, moja imwagwe, wasubiri dakika 10, ndipo ya pili. Wakimwaga zote kwa pamoja watapata matope. Kitambaa kikaushwe kikiwa kimelazwa mpaka kesho yake. Ukikianika kwenye kamba, rangi yote itahamia kwenye pindo la chini.